Walioingia, Waliotoka

Wino wa namba ile ulikaa mkononi mwangu kupita nilivyodhani. Sabuni ya kipande haikuutoa, dodoki halikuutoa, mafuta ya nazi yaliufifisha tu, ukabaki kijivu ndani ya mistari midogo ya ngozi. Katika mbio za kawaida za barabarani namba ya mkimbiaji huchapwa kwenye karatasi na kubanwa kifuani kwa pini. Triathloni, mashindano ya kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, huanzia majini, na majini mtu anaingia hana karatasi, hana mfuko, hana kitambulisho, hata sura yake imefichwa na kofia na miwani ya kuogelea. Kinachobaki cha kumtambulisha ni ngozi yake. Kwa hiyo alfajiri ile, ufukweni mwa Ziwa Kivu, mjini Rubavu, tulipanga foleni tukijikunyata kwa baridi, tukaandikwa mmoja mmoja. Aliyeniandika alikuwa mama wa makamo mwenye kalamu ya wino mzito. "Dada, leta mukono," akasema, kwa Kiswahili kile cha Goma ambacho wengi wa Rubavu wanakizungumza kama cha kwao. Akaandika mkono wa kulia, akapuliza ukauke, akataka na wa kushoto. Nikamuuliza mbona yote miwili. Alinijibu bila kuinua macho: "Wakikutoa kwa upande wowote, wakujue."

Mikono yetu sisi tuliokulia Mwanza ilishasomwa zamani, kabla ya namba yoyote. Mtoto akirudi nyumbani jioni, mama alimwita, akamshika mkono na kupitisha ukucha juu ya ngozi. Ukucha ukiacha mstari mweupe, kesi imekwisha: ulikuwa ziwani. Ungeweza kuapa, ungeweza kutaja shule na msikiti na nyumba ya shangazi, mstari ule haukubadilika. Hakuna aliyetufundisha kuogelea, tulifundishwa kutokwenda. Siwalaumu wazazi wale. Ziwa lilikuwa na mamba, lilikuwa na kichocho, lilikuwa na watoto wa jirani ambao nguo zao ziliokotwa juu ya mawe na wenyewe hawakuonekana. Lakini tazama tulikofikia: tumelala na kuamka kando ya ziwa la pili kwa ukubwa duniani kati ya maziwa ya maji baridi, tunakula samaki wake, tunasafiri juu yake, na wengi wetu, wanawake hasa, tunafika utu uzima bila kujua kuelea hata kwa dakika moja. Mimi nilijifunza nikiwa tayari mama wa watoto, katika bwawa la hoteli, kwa kijana aliyenishika kidevu kwa adabu kubwa na kuniambia, "Mama, pumua, maji hayakuchukii." Baadaye ziwani kwenyewe, mtumbwi ukinifuata ubavuni, mvuvi akipiga kasia polepole, akiimba upepo ukiwa mwema na kunyamaza ukigeuka. Maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Na kwa watu wa kanda yetu wingi wa maji una tarehe. Tarehe 21 Mei 1996, asubuhi, meli ya MV Bukoba iliyotokea Bukoba na kupitia Kemondo ilipinduka ikiwa imeshaikaribia Mwanza, upande wa Bwiru. Ilikuwa meli ya kuchukua abiria 430. Waliokufa walitajwa kuwa zaidi ya 800, na wapo wanaosema walifika 1,000, na tofauti hiyo kati ya hesabu na hesabu ndiyo inayonikosesha usingizi. Orodha ya majina ilikuwapo kwa waliosafiri daraja la kwanza na la pili. Daraja la tatu, kule chini walikojazana watu na mikungu ya ndizi, halikuwa na orodha. Wengi walizikwa Igoma, na katika nyumba nyingi za Kagera na Mwanza mtu aliombolezwa kwa sababu tu hakurudi, pasipo karatasi yoyote iliyowahi kuonyesha kwamba alipanda. Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilizama kikiwa kimebakiza mwendo mfupi kufika kisiwani Ukara kutoka Bugolora. Kilijengwa kubeba watu 101. Waliokufa walizidi 220. Hapo napo swali la kwanza lililoulizwa, na ambalo halikupata jibu, lilikuwa: walikuwamo wangapi? Siku mbili baadaye fundi wa kivuko alitolewa hai kutoka ndani ya chombo kilichopinduka, na nchi nzima ikashangilia, kisha furaha ile ile ikaleta wazo ambalo hakuna aliyetaka kulisema kwa sauti, kwamba kama hujui walioingia, huwezi kujua lini uache kutafuta. Mfa maji haachi kutapatapa, wanasema wahenga. Methali inamtazama yule anayezama. Mimi humfikiria pia anayesimama ufukweni asiyejua amngoje nani.

Nilikuwa na haya yote kifuani nilipovaa kofia yangu ya kuogelea. Kivu si ziwa la kutisha kwa mtazamo wa kwanza. Halina mamba wala viboko, milima imelizunguka, na alfajiri wavuvi wa samaki wadogo waitwao sambaza hurudi na mitumbwi yao mitatu mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wakiimba ili makasia yaende sawa. Lakini lina kina cha zaidi ya mita 400, na huko chini maji yameshikilia gesi nyingi, kabonidioksidi na methani, kiasi kwamba kule Karongi kuna mtambo unaoivuta methani hiyo na kuifanya umeme. Ukiogelea juu ya ziwa kama hilo unajua kwamba chini yako hapana sakafu. Tulifungwa chipu kifundoni mwa mguu, tukavuka zulia lililotambua kila chipu, likalia mara moja kwa kila mtu. Mlio mmoja, mtu mmoja. Kisha maji. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na nilikuwa na mita 1,900 za kuyaoga, kufuata maboya ambayo kutoka usawa wa macho ya muogeleaji yanaonekana na kupotea, yanaonekana na kupotea. Karibu na boya la kugeukia hofu ya zamani ikanipata, ile ya koo kufunga huku hewa ikiwa tele. Niliinua kichwa. Mbele yangu palikuwa na kijana ndani ya kayaki, amelaza kasia mapajani, naye hakuwa akitazama milima wala jua lililokuwa likichomoza. Kidole chake kilikuwa kikitembea hewani kutoka kichwa hadi kichwa, na midomo yake ikicheza. Kidole kikanifikia, kikasimama kidogo juu yangu, kikaendelea. Alikuwa akituhesabu. Sijui kueleza vizuri kilichotokea kooni mwangu baada ya hapo, ila najua kwamba nilirudisha uso majini na pumzi zikaenda.

Watu huuliza kwa nini mtu mwenye kazi na familia ajitie katika mashindano ya namna hii. Yaliyo marefu kabisa, ya kilomita 3.8 majini, 180 juu ya baiskeli na 42.2 kwa miguu, yalizaliwa katika kisiwa cha Oahu, Hawaii, tarehe 18 Februari 1978. John Collins, ofisa wa jeshi la majini la Marekani, na mkewe Judy walichukua mashindano matatu yaliyokuwapo tayari kisiwani na kuyafunga yawe ya siku moja. Walianza watu 15, wakamaliza 12, na Gordon Haller akatangulia kwa saa 11, dakika 46 na sekunde 58. Hadithi hiyo husimuliwa kama hadithi ya miili ya chuma; hata jina la Ironman lina maana hiyo. Mimi hunishika jambo dogo ndani yake: barabarani hapakuwa na vituo vya maji, kwa hiyo kila mshiriki alitakiwa aje na watu wake wa kumfuata na kumlisha. Tangu siku ya kwanza kabisa, mchezo huu unaosifiwa kwa upweke wake haukumruhusu mtu kuja peke yake. Na siku hizi kule Kona, ambako mashindano hayo yalihamia mwaka 1981, mlango hufungwa saa 17 baada ya kuanza, usiku wa manane, na washindi waliomaliza mchana hurudi kusimama kwenye utepe kuwapokea wa mwisho. Mwaka 2012 mtawa wa Kikatoliki, Sista Madonna Buder, alimaliza umbali huo huo mrefu, huko Kanada, akiwa na miaka 82. Sisi wa Rubavu tulikuwa na nusu yake, kilomita 113 kwa jumla, mashindano ambayo Rwanda imekuwa ikiyaandaa tangu Agosti 2022. Nusu ilinitosha. Ilinitosha hata ikamwagika.

Baiskeli ndiyo sehemu ndefu, kilomita 90, na juu yake mtu anapata nafasi ya kufikiri hata asipotaka. Barabara inayotoka Rubavu hupanda, na upande wa pili wa mpaka Nyiragongo imekaa na moshi wake. Pembeni mwa barabara alisimama mwanamume mwenye baiskeli nzito isiyo na gia, mikungu ya ndizi imefungwa nyuma na pande zote mbili, naye ameishika kwa mikono miwili isimwangukie. Alikuwa amesimamishwa atupishe sisi. Niliinuka kwenye pedali nikapita karibu yake, juu ya baiskeli nyepesi ya kuazima, chupa mbili za maji zikiningoja mbele na kituo kingine mlimani, na yeye akasema neno lile ambalo Wanyarwanda walitupa njia nzima: "Komera!" Jikaze. Aliyepaswa kuambiwa hivyo ni yeye, na nilimwambia, ingawa upepo nadhani uliichukua sauti yangu. Mlima ule anaupanda kila siku ya soko. Kuvuja kwa pakacha, nafuu kwa mchukuzi, lakini mikungu haivuji. Hakuna anayempa medali, hakuna anayemwandika namba, hakuna zulia linalolia akifika sokoni. Kuna wakati niliona aibu, kisha nikaona aibu haimsaidii mtu. Taabu ya kuchagua haifanani na taabu ya kupangiwa, na anayezichanganya anawadhulumu wanaobeba hii ya pili. Ninachoweza kudai ni kwamba ile ya kwanza ilinifungulia macho nikaiona ya pili kwa mapaja yangu mwenyewe. Huko Goma, ng'ambo tu ya mpaka, wamesimamisha katikati ya mzunguko wa barabara sanamu ya dhahabu ya mtu anayesukuma chukudu, kile chombo cha mbao chenye magurudumu mawili kinachobeba viazi, makaa na mbao kuzunguka mji mzima. Miji mingine huweka majenerali hapo. Goma ilimweka mchukuzi wake, na mimi naona ilichagua vema.

Halafu mbio. Nilizikimbia kilomita 21 kwa hatua fupi, nikitembea penye vituo vya maji, nikijiambia bandu bandu huisha gogo. Mguu wa kulia ulikuwa ukinikaba. Lakini Rubavu haimruhusu mtu kufikiria mguu wake peke yake. Vizuizi vya mpaka na Goma viko mwendo mfupi kutoka ufukweni. Julai 1994, baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, mamia ya maelfu ya watu walivuka hapo kwa siku chache tu kuelekea Goma, waliofanya mauaji na waliobebwa na hofu wakiwa ndani ya msafara mmoja, na kipindupindu kikawangoja ng'ambo. Hakuna aliyeweza kuwahesabu; takwimu zote za siku zile ni makadirio. Usiku wa 22 Mei 2021 Nyiragongo ilipolipuka, mkondo ukageuka: watu wa Goma wakaingia Rubavu na magodoro kichwani. Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia Goma, wakavuka tena. Lami ya mji huu inaijua mbio ya mtu asiye na utepe mbele yake, mbio ambayo mwisho wake hujulikana tu pale ambapo hatari haisikiki tena. Mimi nilikuwa na kilomita zilizopimwa, na kila moja ilikuwa na kibao. Watoto walinyoosha viganja niwapige, wasichana walicheka wakakimbia nami hatua kadhaa kwa kandambili. Nilihisi kwamba kukimbia kwa hiari katika barabara hizi ni kukabidhiwa kitu, na kwamba kunung'unika juu ya mguu kungekuwa kuukosea adabu mji huu.

Kutangulia si kufika. Nilifika, na siku hiyo walionitangulia walikuwa wengi sana. Lakini orodha ya matokeo ilipotoka niliisoma yote, kutoka juu hadi chini, na nikakaa zaidi chini. Kwa kawaida orodha za mchezo huu zina ngazi ambayo magazeti hayaichapi. Baada ya wa mwisho kumaliza, karatasi haiishi. Wanafuata walioanza na hawakumaliza: huyu aliishia majini, huyu aliishia barabarani. Wanafuata na waliojiandikisha wasitokee. Hakuna aliyefutwa. Aliyetolewa ziwani na mashua akiwa anatetemeka ana jina lake pale, na kando ya jina imeandikwa mahali safari yake ilipokatika. Nilimkumbuka John Stephen Akhwari wa Mbulu. Tunapenda kusimulia alivyoingia uwanjani Mexico City mwaka 1968, goti limefungwa bandeji, giza limeshaingia, marathoni imekwisha na medali zimetolewa. Hesabu yenyewe inasemaje? Walioanza walikuwa 75, waliomaliza 57, naye ni wa 57. Tumezoea kumwita wa mwisho. Nyuma yake kuna wanaume 18 ambao majina yao yanajulikana pia, kwa sababu mtu fulani mstarini aliwahesabu kabla hawajaanza. Ufahari wa Akhwari unasimama juu ya daftari la yule karani: bila hesabu ya walioanza, hata kumaliza kwake kusingekuwa na kipimo.

Nyumbani walinifuatilia kwa simu. Kila nilipovuka zulia, nukta ilisogea kwenye kioo, na wanangu wakapiga kelele. Mama yangu, ambaye sasa ni mzee na macho yake hayasomi nukta, alikaa kwenye kiti chake uani tangu alfajiri, na tangu alfajiri aliuliza swali moja tu: "Ameshatoka majini?" Walimjibu kwamba nimeshatoka, sasa niko kwenye baiskeli. Alikaa kidogo, akauliza tena. Nilipompigia jioni, medali shingoni, nikitaka kumweleza mlima na mwenye ndizi na kijana wa kayaki, hakuniuliza nilikuwa wa ngapi. Wenzangu kazini wote waliuliza hilo, na ni swali halali, mashindano ni mashindano. Yeye aliniambia, "Basi umetoka," akashusha pumzi ambayo nadhani alikuwa ameishikilia tangu nilipokuwa na miaka saba. Ndipo nilipoelewa kwamba ukucha ule wa jioni zote za utoto wangu ulikuwa na kazi mbili. Kabla ya kuwa ushahidi wa kosa, ulikuwa mkono wa mtu anayehesabu watoto wake, akimshika kila mmoja kuhakikisha amerudi.

Kwa hiyo nimekuwa mtu wa kusumbua. Wakinamama wa mtaani kwetu wanaotaka kujifunza kuogelea huja Jumamosi, wamevaa madira na suruali za ndani ndefu, nami huwa sikubali aingie mtu mpaka niandike majina yao yote, na sikubali tuondoke mpaka niwasomee. Wengine hunicheka. Tunapohitaji mtumbwi wa kutufuata, mvuvi hupewa idadi na kuirudia kwa sauti. Na juzi nilipokwenda kukata tiketi ya meli ya Bukoba, safari ambayo familia yetu ilikaa miaka mingi bila kuisafiri kwa maji, karani aliniuliza jina kamili, umri, na namba ya simu ya mtu wa karibu. Nyuma yangu kaka mmoja mwenye mizigo alikuwa na haraka. "Jina la nini tena, jamani? Si tumeshalipa?" akasema, na wengine kwenye foleni wakamuunga mkono. Nikageuka nikamwambia, "Kaka, taja yote matatu. La kwako, la baba na la babu." Kisha nikamgeukia karani, nikamtajia yangu herufi kwa herufi, nikamwomba anionyeshe daftari nione kama ameyaandika sawasawa.